Maji Huondoka, Chumvi Hubaki

Mto Malagarasi ni mbishi. Unaanzia kwenye vilima vya mpakani na Burundi, mahali ambapo Ziwa Tanganyika haliko mbali, lakini badala ya kuteremka magharibi kulifuata ziwa unashika njia ya kaskazini mashariki. Kwa kipande kirefu unakuwa mpaka wa nchi mbili. Unapita nchi ya Kibondo, unageuka kusini, unajitandaza kwenye mabwawa ya mafunjo ya Moyowosi, na huko ndiko unakokumbuka ulikokuwa ukienda. Hapo unakata magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Ni karibu kilomita 475 kwa safari ambayo kijana wa bodaboda angeimaliza kabla ya chai ya saa nne. Njia nzima jua linaunywa.

Mto Ruchugi hauna mambo hayo. Unatoka kwenye nyanda za juu za Kasulu na kushuka moja kwa moja hadi Uvinza, unakutana na Malagarasi, na hapo hapo zinapokutana, ardhi inatoa chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi zinabubujika kando ya mito ya maji baridi, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na chemchemi hizo ndizo zinazoninyima usingizi mwaka huu. Lakini kilichonifanya nizielewe ni tangi la kioo la lita 100 lililoko sebuleni kwetu Kasulu, lenye maji ya chumvi kama ya baharini, mawe, konokono kadhaa, na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mama yangu ni mzaliwa wa Kibondo. Hajawahi kuiona bahari. Aliwahi kuniuliza ikoje, na mimi sikuwa na nauli ya watu wawili kwenda Dar es Salaam na kurudi, wala sikuwa na maneno. Tangi likaja kwa treni, samaki wakaja baadaye kwa ndege hadi Kigoma, na chumvi yake ikaja kwenye ndoo.

Kila mgeni anayeingia sebuleni huuliza swali lile lile: kwa nini ununue chumvi ya mbali wakati Uvinza iko hapo chini? Ni swali zuri. Jibu ni kwamba chumvi ya mezani ni kitu kimoja kilichochujwa na vingine, ilhali bahari ni mchanganyiko: magnesi, kalsi, potasi, salfati, na vingine vingi kwa uchache. Chumvi ya Uvinza inakolea vizuri kwenye mchuzi, lakini konokono wa baharini hawezi kujenga nyumba kwa hiyo peke yake.

Shida ya tangi la namna hii ni moja, na ni ya kila siku. Maji yanaondoka. Kiangazi, hewa ya Kasulu ikiwa kavu, langu hupoteza takriban lita moja na nusu kwa siku, na kinachopaa ni maji matupu. Chumvi haipai. Lita 100 za maji ya bahari zina karibu kilo tatu na nusu za chumvi, yaani gramu 35 kwa kila lita. Zikiondoka lita 10, zile kilo tatu na nusu sasa ziko kwenye lita 90, na kila lita inabeba gramu 39 hivi. Wiki moja tu, na samaki anaishi kwenye bahari nyingine bila kusafiri. Kwa hiyo kinachorudishwa ni maji yasiyo na chumvi kabisa, kidogo kidogo, kwa kiasi kile kile kilichoondoka.

Nilipomweleza Mama hivyo alinitazama kwa mashaka.

"Mwanangu, ukimimina maji matupu kila siku, mwisho si yatakuwa ya mtoni?"

Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe. "Aa. Kama maharage. Maji yakikauka jikoni unaongeza maji ya moto, huongezi chumvi. Ukiongeza chumvi umekwisha."

Sijasoma maelezo bora kuliko hayo mahali popote, na nimesoma mengi.

Waliofuga viumbe vya baharini ndani ya vioo kwa mara ya kwanza waliligundua jambo hilo mapema. Miaka ya 1830 Jeanne Villepreux-Power alikuwa akifuga pweza na konokono huko Sicily ili awachunguze wakiwa hai. Katikati ya karne hiyo London ilishikwa na wazimu wa matangi: mwaka 1853 bustani ya wanyama ya jiji hilo ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilicholieneza neno akwariamu majumbani. Watu wa bara, wasio na bahari karibu, walilazimika kuchora mstari kwenye kioo na kurudisha maji baridi kila yaliposhuka chini ya mstari.

Kazi ya kuuangalia mstari huo ndiyo tunayotaka chombo kiifanye, na chombo chenyewe ni cha zamani kuliko kioo. Ktesibios wa Alexandria, karne ya 3 kabla ya Kristo, anatajwa kuwa wa kwanza kutumia boya kudhibiti maji ya saa yake. Katika Baghdad ya karne ya 9, ndugu watatu wanaojulikana kama Banu Musa waliandika kitabu cha mitambo ya werevu ambamo vyombo vinajijaza vyenyewe vikipungua. Ukivuta maji chooni, boya linashuka, mlango unafunguka, maji yanaingia, boya linapanda, mlango unafungwa. Ni wazo lile lile. Na hata bila boya, mfugaji yeyote wa kuku wa Kasulu anayo mashine hii bandani: chupa iliyopinduliwa kichwa chini kwenye kisahani. Vifaranga wakinywa, mdomo wa chupa unaachwa wazi, hewa inaingia, maji yanashuka hadi yauzibe mdomo tena. Hakuna anayeisimamia.

Nilipaswa kwenda Dar es Salaam kusoma majalada ya kikoloni kwenye Nyaraka za Taifa kuanzia Juni hadi Septemba, yaani kiangazi chote, na Mama angebaki peke yake na tangi. Nikapiga hesabu: lita moja na nusu kwa siku 120 ni lita 180. Madumu tisa ya lita 20. Maji ya bomba yana madini yake ambayo nayo hayapai, yangerundikana mwezi hadi mwezi. Maji ya mvua ni safi zaidi, ila si ya kwenye mabati, kwa sababu zinki ya bati ni sumu kwa konokono. Basi mvua za Aprili na Mei zilinikuta uani na turubai la plastiki lililofungwa kwenye miti minne, majirani wakipita wanauliza kama kuna msiba.

Boya nililochagua ni dogo, la plastiki tupu. Yale ya shaba nyeupe ya mafundi bomba hayafai, maana shaba nayo inaua konokono. Dumu lilikaa juu ya rafu, mpira mwembamba ukashuka hadi kwenye boya lililofungwa ndani ya tangi. Maji yanashuka kwa uzito wake, hivyo umeme ukikatika haidhuru. Kuna mambo mawili tu ya kuogopa. La kwanza, chumvi huganda kwenye bawaba ya boya na konokono hupenda kupanda juu yake, hivyo kila Jumapili boya lapanguswa kwa kitambaa chenye maji baridi. La pili, boya likikwama wazi, dumu zima litamwagika tanginí usiku mmoja. Lita 20 juu ya lita 100 zingeshusha chumvi kutoka gramu 35 hadi 29, na nyingine ingekuwa sakafuni. Kwa hiyo dumu la juu hutiwa lita tano tu kwa wakati. Mama huongeza kila baada ya siku tatu. Kiasi kinachoweza kuingia kwa ajali lazima kiwe kiasi ambacho samaki anaweza kukivumilia.

Uvinza walifanya kinyume, na kwa makusudi. Kule lengo lilikuwa maji yaondoke.

Mwaka 1967 J. E. G. Sutton na A. D. Roberts walichimba kando ya chemchemi hizo na kukuta tabaka juu ya tabaka za vigae na majivu. Za chini kabisa zilionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi hapo tangu karne ya 5 au ya 6. Tafakari muda huo. Kabla ya falme za Buha tunazozisoma, kabla ya misafara ya pwani, mtu alikwisha kukaa hapo na chungu juu ya moto akisubiri maji yaishe. Kazi ilikuwa ya kiangazi, kwa sababu masika mito ilifurika na kuzifunika chemchemi. Hapo ndipo Wavinza, Waha kutoka nyanda za juu, Wajiji na Wanyamwezi walipokusanyika, wakajenga vibanda, wakachota, wakachemsha, wakawatolea watawala wa Uvinza fungu lao, na kuondoka na mizigo ya chumvi iliyofungwa vizuri. Chumvi ile ilifika mbali, ikabadilishwa kwa nafaka, mifugo, majembe ya chuma.

Burton na Speke walipita mwaka 1858 wakaiona biashara hiyo. Stanley alipita 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, na sehemu ya safari yake katika Buha aliifanya kwa kunyata usiku ili kuukwepa mkono wa wadai hongo. Vitabu vyao vinalalamika sana kuhusu hongo. Mimi nikivisoma naona watawala waliojua kwamba wameketi juu ya vivuko na chemchemi ambazo hakuna msafiri angeweza kuzikwepa, na wakatoza bei ya haki yao.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ilishika chemchemi hizo, ikajenga kiwanda na kupaita mahali hapo Gottorp. Reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914, ikipita Uvinza. Baada ya vita ile wakaja Waingereza na kampuni ya Nyanza Salt Mines. Mvinza aliyekuwa akija na chungu chake akawa kibarua wa kukata kuni za kuchemshia chumvi ya mwingine. Bibi yangu wa Kibondo anasema baba yake alikwenda Uvinza mara nyingi akiwa kijana, kwa miguu. Nilimuuliza alikwenda kuchemsha au kuajiriwa.

"Mjukuu wangu, alikuwa anarudi na chumvi. Siku moja akarudi na hela. Hela haikufika kununua chumvi ile ile aliyokuwa anarudi nayo."

Nimetafuta sentensi hiyo kwenye majalada. Haimo, ingawa takwimu za tani na kuni zimo kwa wingi. Bibi ana zaidi ya miaka 80, na hesabu ile ya chumvi na hela sijaiona imewekwa mahali pengine popote ila kichwani mwake.

Rudi sasa kwenye mto. Maji ya Malagarasi na Ruchugi yakishaipita Uvinza yanaishia Tanganyika, na Tanganyika ni tangi kubwa kuliko akili. Lina eneo la karibu kilomita za mraba 32,900 na kina kinachofika mita 1,470. Kila mwaka jua hulikomba zaidi ya mita moja ya maji usoni pake. Zaidi ya tisa ya kumi ya maji yote yanayoliacha ziwa hupanda hewani. Kilichobaki hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kongo, kando ya mji wa Kalemie. Mvua na mito hurudisha kilichoondoka. Chumvi zinazoletwa na mito, hasa Rusizi inayoteremka kutoka Ziwa Kivu, hubaki nyuma nyingi, na ndiyo maana maji ya ziwa ni mazito kwa madini kuliko ya mito inayoliingia. Ni maji baridi bado, kama nusu gramu kwa lita, lakini yana tabia yake. Huko Ulaya wapo watu wanaofuga samaki wa Kigoma majumbani, na wananunua chumvi za pakiti ili kuyaiga maji ya Tanganyika. Nikiwa Kasulu nikikoroga Bahari ya Hindi kwenye ndoo, kuna Mjerumani anayekoroga ziwa letu kwenye ndoo yake. Sijui kwa nini hilo linanifurahisha kiasi hiki.

Ziwa lilikwisha kumchanganya msomi mmoja hadi akaliona bahari. Richard Böhm aliona kiwavi-maji ndani yake mwaka 1883, kiumbe laini kama mwavuli ambaye jamaa zake wengi ni wa baharini, na konokono wake walifanana na wa baharini mno. J. E. S. Moore akaja mara mbili, 1896 na 1899, na mwaka 1903 akatoa kitabu akidai Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyozingirwa na nchi kavu. Nadharia hiyo haikudumu. Wale konokono ni wa maji baridi waliobadilika humo humo kwa muda mrefu sana. Lakini ninamwelewa Moore. Ukisimama Kibirizi upepo ukivuma na ng'ambo haionekani, ni rahisi kuamini.

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa kuhusu mlango wa kutokea. Burton na Speke hawakuupata. Livingstone na Stanley walikwenda hadi Rusizi mwaka 1871 na kukuta mto unaingia, hautoki. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliufikia Lukuga, wenyeji wakamwambia maji yanakwenda Lualaba, akatangaza kwamba mlango umepatikana. Miaka miwili baadaye Stanley akafika hapo hapo, akakuta matope na mafunjo na maji yasiyokwenda popote, akambishia. Kisha mwaka 1879 mmisionari Edward Coode Hore akausimamia Lukuga na kuona mto wenye nguvu ukikimbia magharibi.

Kwa muda mrefu niliposoma habari hii nilidhani lazima mmoja alidanganya. Tangi ndilo lililonionyesha vinginevyo. Ziwa lilikuwa limekaa kwenye ukingo wake kwa miaka, mlango ukiwa umezibwa na udongo na majani, likipokea maji na kuyapoteza kwa jua tu. Lilikuwa likipanda. Mwaka mmoja maji yanapenya kidogo, mwaka mwingine hayapenyi. Kisha, karibu na 1878, kizibo kikasukumwa. Hore aliyekuwa akiishi Ujiji alifuatilia alama za maji na kuona ziwa likishuka mwaka hadi mwaka. Kwa takriban miaka 15 lilishuka kama mita 10. Ndiyo maana mnara wa kumbukumbu wa Livingstone na Stanley pale Ujiji uko mbali na maji, na wageni hushangaa mji wa bandari ulihamia wapi. Mji haukuhama.

Wazungu wale walikuwa wakitafuta ukweli wa mahali: je, Lukuga ni mlango au si mlango? Walichokuwa wakikitazama ni tukio, na kila mmoja alifika siku yake. Wenyeji waliomwambia Cameron maji yanakwenda Lualaba walikuwa wameishi kwenye tukio hilo muda mrefu kuliko ziara ya yeyote kati yao.

Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Katika miaka ya 2010 wasiwasi upande wetu ulikuwa kina kinashuka: bandari zinakauka, meli zinashindwa kukaribia gati, na mazungumzo yakawa ya kujenga upya kizuizi cha Lukuga ili maji yasitoke kwa kasi. Kuanzia 2020 mvua zikabadili mazungumzo. Ziwa likapanda, likaingia kwenye nyumba za Uvira na Gatumba, likameza fukwe na mialo ya Kigoma. Watu waliokuwa wakiomba mlango uzibwe wakaanza kuuliza kwa nini haufunguki zaidi.

Mlango wenyewe uko Kalemie. Gati linalotaka maji yasishuke liko Kigoma, nyumba inayotaka yasipande iko mtaa wa pili kutoka kwenye gati hilo, na mvua inayoyaongeza inanyesha kwetu Kasulu na Kibondo, inashuka na Ruchugi, na nyingine inazunguka na Malagarasi na kufika wiki nyingi baadaye, wakati ambapo huku juu tumekwisha kuanika maharage.